Mzee Atoke, Kijana Aingie, Tajiri Achekelee

Kila penye timu inayofungwa pana shabiki mwenye dawa, na dawa yenyewe haijabadilika tangu enzi za babu zetu: mzee atoke, kijana aingie. Ukiisikia Kariakoo utadhani ni mambo ya Simba na Yanga tu. Mimi nimeisikia St. Louis, jimbo la Missouri huko Marekani, watu wakibishania besiboli, na ilitamkwa kwa uchungu uleule, mikono hewani vilevile. Leo nataka kuipinga. Sipingi kwa sababu nawapenda wazee kuliko vijana. Napinga kwa sababu dawa hii hutibu mfuko wa tajiri mwenye timu, mgonjwa mwenyewe anabaki na homa yake.

Mwaka 2022 nilikuwa St. Louis kimasomo kwa miezi kadhaa. Kinyozi wangu alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu wa maneno mengi na wembe mzuri, na televisheni ya pale kwake ikiwashwa ilikuwa ni besiboli tu. Pale ndipo nilipofundishwa mchezo. Kwa wasioujua, niseme machache yatakayotutosha: mrushaji anautupa mpira kwa kasi ya gari la barabara kuu, mpigaji ana gongo mkononi na chini ya nusu sekunde ya kuamua. Akifanikiwa mara tatu katika kila kumi, anaitwa bingwa. Akifanikiwa mara mbili, watu wanaanza kuguna. Na akiupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja, hiyo ni homurani, na hapo hata adui anasimama kuangalia.

Mwaka ule Albert Pujols, Mdominika mwenye miaka 42, alikuwa amerudi kumalizia maisha yake ya uwanjani katika timu ya St. Louis Cardinals, aliyoanzia mwaka 2001. Kocha wake, Oliver Marmol, alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita. Mambo yakawa magumu. Kufikia mapumziko ya katikati ya msimu mzee alikuwa na homurani 6 tu, na pale kwa kinyozi hukumu ilikuwa imeshatoka. Anakula nafasi ya mtoto. Anacheza kwa jina. Kinyozi alizima mashine ili nimsikie vizuri: "Huyu muzee aende apumzike, ndugu yangu. Wajukuu wanamngoja."

Ilipofika Septemba, hukohuko, midomo ileile ilikuwa inahesabu homurani zake kama watoto wanaohesabu siku za Idi. Tarehe 23 alizipiga mbili usiku mmoja kule Los Angeles, ya 699 na ya 700, akawa mtu wa nne tu katika historia ya ligi kuu kufika hapo, nyuma ya Barry Bonds, Hank Aaron na Babe Ruth. Alimaliza msimu na 24, na maisha yake yote na 703. Nilimuuliza kinyozi kuhusu wajukuu. Akaapa hajawahi kusema neno kama hilo.

Sasa, najua unachotarajia. Unatarajia niseme: mmeona? Mzee hatupwi, utu uzima dawa. Hapana. Hiyo ni hoja ya uvivu. Kwa kila Pujols mmoja aliyefufuka, wako wengi waliokwenda uwanjani msimu mzima wakisubiri mwili ukumbuke, na mwili haukukumbuka. Kama kijana anaupiga mpira na mzee haupigi, kijana acheze. Hilo wala halina mjadala.

Mjadala uko kwenye ile sentensi ya pili, ambayo shabiki huisema baada ya kuvuta pumzi: "Na mshahara wote ule!"

Hapo ndipo tunapolishwa uongo na kuumeza. Tuangalie hesabu za huyohuyo Pujols. Mwaka 2001, akiwa mgeni wa ligi, alipiga homurani 37, akawa mchezaji bora kijana wa mwaka. Alilipwa dola 200,000, kima cha chini kabisa cha ligi. Miaka ishirini baadaye, 2021, akiwa na timu ya Angels kule California, alikuwa anafanikiwa chini ya mara mbili kwa kila kumi, na mshahara wake wa mwaka ulikuwa dola milioni 30. Shabiki anaangalia namba ya pili na kuona wizi. Ile ya kwanza haangalii. Hajawahi kumuuliza mtu tofauti ilikwenda wapi mwaka 2001, wakati kijana anauza tiketi na jezi za mji mzima kwa malipo ya mgeni.

Walimu wa Tanzania wana neno linaloeleza jambo hili kuliko wachambuzi wote wa besiboli: malimbikizo. Umefanya kazi leo, umepandishwa daraja leo, pesa utalipwa siku nyingine, ukiwa umeshachoka kuidai. Mkataba mnono wa mchezaji mzee ni malimbikizo. Tofauti ni kwamba mwalimu hudai kwa mwajiri yuleyule, wakati mchezaji wa besiboli aghalabu hulipwa na tajiri wa pili jasho alilolinywa tajiri wa kwanza. Halafu tajiri wa pili anamkabidhi kwa mashabiki wamzomee.

Hili si bahati mbaya. Ni kanuni, imeandikwa na kutiwa sahihi. Mchezaji akiingia ligi kuu, timu inammiliki kwa misimu sita kabla hajawa huru kutafuta mwajiri mwingine. Karibu nusu ya kwanza ya muda huo timu ndiyo inayoamua impe kiasi gani, ilimradi isishuke chini ya kima cha chini. Baadaye anaruhusiwa kubishana nayo mbele ya msuluhishi. Uhuru wenyewe unamkuta na miaka 28, 29, 30. Yaani mwili ukiwa na nguvu, bei ni ya tajiri. Bei ikiwa ya mchezaji, mwili umeanza kulalamika. Kisha sisi tulio nje ya uzio tunajiita wenye akili kwa kugundua kwamba wazee ni ghali na vijana ni rahisi. Aliyepanga iwe hivyo ni nani?

"Lakini hao hao matajiri ndio wanaowatetea vijana," utaniambia. "Si wanataka vijana wapewe nafasi?" Haya, tumtazame kijana mmoja.

Kris Bryant alikuwa na miaka 23 mwaka 2015. Katika mechi za maandalizi kabla ya msimu alipiga homurani 9, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa timu yoyote. Chicago nzima ilikuwa inamsubiri. Timu yake, Cubs, ikamrudisha ligi za chini, ikasema anahitaji kunoa udakaji. Akaitwa tarehe 17 Aprili. Sasa sikiliza hesabu hii. Msimu una siku zipatazo 187, na mchezaji akitimiza siku 172 anahesabiwa mwaka kamili. Bryant alimaliza na siku 171. Siku moja, bwana! Kwa siku hiyo moja, misimu sita ikageuka kuwa saba. Chama cha wachezaji kililalamika, na mwaka 2020 msuluhishi akaamua kwamba timu haikuvunja mkataba. Sawa, haikuvunja. Ndiyo maana nasema tatizo ni mkataba wenyewe.

Bryant alikuwa mchezaji bora kijana mwaka huohuo wa 2015. Mwaka 2016 alikuwa mchezaji bora wa ligi yake nzima, Cubs wakachukua ubingwa wa kwanza tangu 1908, na mpira uliomaliza mechi ya mwisho ulipita mikononi mwake, akiurusha huku anacheka kama mtoto. Mshahara wake mwaka huo ulikuwa dola 652,000. Kwa wewe na mimi ni utajiri. Kwa biashara aliyoibeba begani, ni nauli ya daladala.

Kwa hiyo tusidanganyane. Timu inayosema "kijana aingie" wakati mzee ni ghali ni ileile inayosema "kijana asubiri" wakati kusubiri kuna faida. Ujana haijawahi kuupenda. Inapenda bei yake.

Na hadithi ya Bryant haikuishia hapo. Alipokuwa huru hatimaye, akiwa na miaka 30, timu ya Colorado Rockies ilimpa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 182. Malimbikizo yake hayo. Mgongo ukakataa. Katika misimu minne ya kwanza alicheza mechi 170 tu, pungufu kidogo ya mechi za msimu mmoja na wiki mbili. Leo yeye ndiye mzee anayesemwa. Yeye ndiye "anayekula nafasi". Maneno yaleyale ambayo mwaka 2015 yalisemwa kwa ajili yake, sasa yanasemwa dhidi yake, na kati ya nyakati hizo mbili imepita miaka kumi tu. Ukiona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Bryant hakupewa hata muda wa kutafuta kopo.

Mgongo wa Bryant ni pigo kwa Rockies, na mshabiki wao ana haki ya kuumia. Lakini aumie akijua ameumizwa na nini. Mwaka 2021 Angels walimwacha Pujols mwanzoni mwa Mei ili beisi ya kwanza ibaki kwa Jared Walsh, aliyekuwa na miaka 27. Kimpira ulikuwa uamuzi sahihi, nakubali. Walsh alipiga homurani 29 na akachaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji kwa matatizo ya neva za eneo la bega. Wa 2023 ukamkuta hapati usingizi na kichwa kinamuuma, akashushwa ligi za chini, na msimu ulipokwisha hakuwa tena mchezaji wa Angels. Mzee alitolewa, kijana akaingia, kijana naye akatoka. Na Angels? Mara ya mwisho kufika hatua ya mchujo ilikuwa 2014, na msimu wa 2025 ulikwisha bado wanaisubiri ya pili. Dawa imenywewe chupa mbili na homa iko palepale. Mwenye timu ni yuleyule.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Upande wa pili nao una ushahidi, na sitauficha.

Wasomaji wa fasihi wengi tulikutana na Joe DiMaggio kupitia Santiago, yule mvuvi mzee wa Kuba katika riwaya fupi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1952. Santiago anajitia moyo kwa kumfikiria DiMaggio anayecheza na maumivu ya kisigino. Ni picha nzuri ya uzee wenye heshima. Ila kuna tukio la uwanjani, tarehe 5 Oktoba 1951, mechi ya pili ya fainali kule New York, ambalo mimi nikifika kwa Santiago hunijia kichwani. DiMaggio alikuwa na miaka 36, miguu imekwisha. Kulia kwake alisimama kijana wa miaka 19, Mickey Mantle, aliyeagizwa na kocha awahi kila mpira anaoweza kwa sababu mkongwe hafiki tena. Ukapigwa mpira wa juu, ukaangukia katikati yao. Kijana akaukimbilia. Dakika ya mwisho DiMaggio akaita kuwa ni wake. Kijana akafunga breki ili asimgonge mkubwa, kiatu kikanasa kwenye mfuniko wa mtaro wa maji, goti likaenda. Mantle aliendelea kucheza hadi 1968 na akawa mmoja wa wakubwa wa mchezo ule, lakini miguu yake haikuwa tena ile ya kabla ya siku hiyo.

Huo ndio ubaya wa heshima isiyosema ukweli. Mkubwa anaachwa pale pale alipo kwa sababu hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia asogee, na gharama inalipwa na goti la mdogo. DiMaggio alistaafu Desemba ya mwaka huohuo. Kama angesogezwa pembeni mapema, labda tungekuwa na Mantle mzima. Kwa hiyo anayesema wazee wakati mwingine huwaumiza vijana hasemi uongo. Anakosea pale anapodhani dawa ya heshima ya uongo ni kejeli ya kweli.

Tena aliyeupiga mpira ule wa 1951 alikuwa kijana mwingine, mgeni wa ligi, Willie Mays. Sogeza miaka 22 mbele: fainali ya 1973, Mays ana miaka 42, yuko New York Mets. Katika mechi ya pili dhidi ya Oakland, jua machoni, aliukosa mpira ambao zamani angeudaka akiwa amefumba macho, akaanguka. Mpaka leo, shabiki wa Marekani akitaka kumwambia mkongwe astaafu, humkumbusha Mays akiwa chini. Imekuwa methali kabisa. Basi niwakumbushe kilichotokea saa hiyohiyo. Mechi ilikwenda hadi kipindi cha 12, matokeo 6 kwa 6, wakamwachia Mays gongo, akapiga mpira uliomleta mwenzake nyumbani, na Mets wakashinda 10 kwa 7. Mtu yuleyule, mechi ileile. Kumbukumbu ya watu ikachagua kuanguka. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walisema, na cha kale tunakikumbuka kwa kidonda tu.

Nina sababu ya kulichukulia jambo hili kibinafsi. Nilipokuwa na miaka 24, nikiwa na cheti cha chuo kikuu ambacho bado kilikuwa kinanukia wino, nilipewa dawati la mahakama katika gazeti moja ambalo sitalitaja. Dawati lilikuwa la mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu. Alikuwa anaandika polepole, alikosa habari mbili kubwa mfululizo, na mhariri aliniambia kwa sauti ambayo naye aliisikia: "Tunataka damu changa." Nilifurahi, nisikufiche. Nilijiona nimeshinda kitu. Baada ya miezi mitatu ndipo nilipojua kwamba damu changa inalipwa chini ya nusu ya mshahara wa Mwalimu, na kwamba nusu iliyobaki haikuongezwa kwenye gazeti: hakikununuliwa kiti, haikulipwa nauli ya ripota wa mkoani. Makarani waliokuwa wanampigia Mwalimu simu kesi ikitajwa hawakunipigia mimi. Hakuna aliyewaza kunikalisha naye hata wiki mbili anionyeshe nani ni nani. Nilikosa habari tatu.

Sasa nina miaka 36. Kuna binti wa mafunzo kazini anayepiga picha, anakata video na kuandika, vyote kwenye simu, kabla sijamaliza chai. Ni hodari kweli, na sitaki anisubiri mimi nizeeke. Juzi nilimsikia bosi akimwambia anapenda kasi ya vijana. Nilitaka kumvuta pembeni nimuulize swali moja tu: wanakulipa ngapi, mdogo wangu?

Hilo ndilo swali ninaloomba shabiki ajifunze kuuliza. Ukitaka mzee akae benchi, sema, ni haki yako, umelipa kiingilio. Ila uliza na kijana anayeingia atalipwa lini thamani yake. Uliza kama pesa inayookolewa inarudi uwanjani au inapanda ghorofani. Uliza kwa nini mkongwe apewe ama kila mechi ama mlango, wakati St. Louis walimtumia Pujols zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto, ambao alikuwa bado anawaweza, na vijana wakacheza pia. Waliomsema mwezi Juni walidhani nafasi ni moja tu, apate huyu au yule.

Na wenye ligi wanajua tatizo liko wapi, msifikiri hawajui. Katika mkataba wa 2022 waliweka kifungu kwamba kijana akimaliza katika nafasi mbili za juu za kura ya mgeni bora, anahesabiwa mwaka mzima hata kama alichelewa kuitwa. Kifungu hicho kisingehitajika kama hakuna aliyekuwa anacheleweshwa kwa makusudi. Kwenye ligi za chini, ambako ndiko vijana wanakoambiwa wasubiri, ilibidi waunde chama ndipo kima cha chini cha daraja la juu kabisa kipande kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka, na hiyo ilikuwa 2023 tu. Mkataba wa ligi kuu unakwisha Desemba 2026. Wenye timu na wachezaji watakaa mezani, na hapo ndipo itakapoamuliwa kijana alipwe lini na kwa kiasi gani.

Siku hiyo ningependa mashabiki wapige kelele zilezile wanazompigia mzee wa miaka 38 akikosa mpira. Najua hawatapiga. Kusoma kanuni za mkataba kunachosha, kumzomea mtu aliyeanguka ni rahisi, na mtu aliyeanguka hana pa kujificha kwa sababu jina lake limeandikwa mgongoni. Jina la tajiri halijaandikwa kwenye jezi yoyote.